Kipande na Mwenzake

Shangazi yangu hubebesha miche ya parachichi nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji wa Njombe. Kazi hiyo huifanya asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni na vidole vikiwa bado vizito kwa baridi. Anachukua mche wa kienyeji wenye unene wa penseli, anaukata kichwa, kisha anaupasua katikati kwa wembe. Anachukua kikonyo cha parachichi aina ya Hass, anakichonga pande mbili mpaka kinakuwa kama kabari, anakididimiza kwenye mpasuko. Hapo huinama akaangalia kwa karibu sana, maana ganda la kikonyo lazima likutane na ganda la shina, walau upande mmoja. Akisharidhika anafunga kwa utepe wa nailoni, kuanzia chini kwenda juu, akivuta kila mzunguko. Wakati wa kufunga hasemi neno. Mkono ukilegea hewa inaingia, na hewa ikiingia kikonyo kinakauka.

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimtazama. Kwa mche mmoja kazi ile hufanyika mara moja tu. Ikishika, imeshika, mti utakua, utazaa, utazeeka, na kovu la kiungo litabaki pale chini kama pete. Lakini katika majani machache yaliyosalia kwenye kikonyo kile, na katika jani la magugu yaliyoota kando ya kiatu changu, kulikuwa na kuunga kwingine kunakoendelea, ambako hakuishi. Nimekuwa nikikuwaza tangu siku ile, na kila nikipita barabara ya Njombe kwenda Makambako kunanirudia.

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Seli huhifadhi maagizo yake katika DNA. Ikihitaji agizo moja haiitoi DNA nje. Inanakili sehemu inayohusika kwenye uzi wa RNA, kama mtendaji wa kijiji anayenakili ukurasa mmoja badala ya kumkabidhi mtu daftari zima. Uzi huo husomwa na ribosomu, herufi tatu kwa tatu, na kila herufi tatu hutaja asidi amino moja ya kuongezwa kwenye mnyororo. Mnyororo ukikamilika ndiyo protini.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba agizo moja hukaa mahali pamoja, mwanzo hadi mwisho, bila kukatizwa. Mwaka 1977 imani hiyo ilivunjika. Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja katika maabara yake, walionyesha kwamba maagizo mengi yamekatizwakatizwa na vipande visivyosomeka, na kwamba seli huvikata vipande hivyo kwenye RNA na kuunga vinavyobaki. Mwaka 1993 walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Vipande visivyosomeka huitwa introni. Hata hivyo, huko kote kulikuwa ni kuunga sehemu za uzi uleule. Ukiwa na kamba yenye sehemu iliyooza katikati, unaikata sehemu hiyo na kufunga ncha mbili zilizobaki. Kamba ni moja tangu mwanzo.

Ninachokiwaza mimi ni kuunga kamba mbili ambazo hazijawahi kuwa moja.

Mwaka 1986, huko Japani, makundi mawili ya wanasayansi yalimaliza kusoma DNA yote ya kloroplasti, yale mabegi madogo ya kijani ndani ya jani yanayonasa mwanga wa jua. Kundi la Nagoya lilisoma ya tumbaku, herufi 155,844. Kundi la Kyoto lilisoma ya mmea mdogo unaotambaa juu ya mawe yenye maji, unaoitwa Marchantia. Mimea hii miwili ina undugu wa mbali mno, lakini yote ilikuwa na kioja kilekile. Agizo la protini iitwayo S12 halikuwa mahali pamoja. Mwanzo wake ulikuwa sehemu moja ya DNA, na sehemu iliyosalia ilikuwa mbali. Katika tumbaku umbali huo ni kama herufi 28,000, na katikati yake yamejaa maagizo mengine yasiyohusika kabisa.

Protini ya S12 katika kloroplasti ina asidi amino 123. Za kwanza 38 zinatajwa na kipande cha mwanzo. Kipande hicho hunakiliwa kwenye uzi wake wa RNA pamoja na majirani zake wa huko. Asidi amino zilizobaki zinatajwa na kipande cha pili, nacho hunakiliwa kwenye uzi mwingine, pamoja na majirani wengine. Kwa hiyo ndani ya kloroplasti kuna nyuzi mbili zinazoelea, kila moja ikiwa na sehemu ya agizo moja. Ribosomu ikisoma ule wa kwanza peke yake, itatoa kisehemu cha protini kisichofaa kitu. Ikisoma wa pili peke yake, itakosa hata pa kuanzia.

Zinakutanaje? Uzi wa kwanza, baada ya maneno yake yanayosomeka, una mkia. Uzi wa pili, kabla ya maneno yake, una kichwa kirefu. Mkia na kichwa hicho ni nusu mbili za introni moja iliyokatika zamani. Herufi za RNA hushikana kwa jozi, A kwa U na G kwa C, na herufi za mkia huu zinazielekea herufi za kichwa kile. Zikikaribiana zinashikana, zinajikunja pamoja, na ile introni iliyokuwa nusu mbili inasimama tena na umbo lake. Umbo hilo ndilo huzikutanisha ncha za maneno yanayosomeka. Uzi unakatwa pande zote mbili, ncha zinaungwa, introni inaachwa. Kilichobaki ni agizo zima ambalo halikuwa limeandikwa mahali popote kwenye DNA kwa ukamilifu wake.

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua muda kuikubali. Agizo zima halikuwa limeandikwa mahali popote. Lipo pale tu linapoungwa.

Wala protini hii si ya pembeni. S12 ni sehemu ya ribosomu yenyewe, na kazi yake iko pale panapohakikiwa kama herufi tatu zimesomwa sawasawa. Wanaotibu kifua kikuu wanaijua kwa njia yao: dawa ya streptomaisini hushambulia ribosomu za bakteria jirani na S12, na bakteria wa kifua kikuu wanaobadilika katika S12 yao huweza kuishi dawa ikiwa imewazunguka. Katika jani, bila S12 kloroplasti haiwezi kutengeneza protini zake, na bila protini hizo hakuna ukijani. Kwa hiyo kijani chote tunachokiona kinategemea kiungo kile.

Sasa tazama Njombe. Chai ya Luponde, ya Kibena na ya Lupembe, ambayo wachumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake. Miwati iliyopandwa tangu Kampuni ya Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949. Paini kwenye vilima. Viazi, mahindi, mianzi inayogemwa ulanzi. Ukiipanga kwa asili yake, karibu yote ni migeni. Chai ilitoka Asia, mwati Australia, viazi milima ya Andes, mahindi na parachichi Meksiko na nchi jirani zake. Ilifika kwa meli tofauti, karne tofauti, na mikono tofauti. Lakini mpasuko ule wa S12 umekutwa katika mimea ya nchi kavu karibu kila ilikochunguzwa, kuanzia vile vimea vya mawe yenye maji mpaka miti mikubwa. Maana yake ulitokea kwa babu wa mimea hii yote, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla ya kuwapo ua hata moja duniani. Mwanzi wetu wa ulanzi na mwati wa Australia walikuwa na kovu moja kabla hawajaonana kwenye udongo wa Wabena, wenyeji wa Njombe.

Na katika miaka yote hiyo kovu halikurudishwa. Hapa ndipo fikra yangu inapokwama kila mara, na sitaki kuiharakisha. Mtu angedhani kwamba kwa muda mrefu namna ile, kwa mimea mingi namna ile, kipande kimoja kingerudi kando ya mwenzake na habari ikaisha. Haikuwa hivyo. Mmea ulichukua njia nyingine: ukaacha vipande vikae vilikokaa, ukaufanya uungaji kuwa kazi ya kila siku. Kila jani jipya linaanza upya. Jani la chai lililochumwa leo Luponde liliunga agizo lake lenyewe. Halikurithi agizo lililokwisha kuungwa na jani la jana. Lilichorithi ni vipande viwili na namna ya kutambuana.

Makambako iko kama kilometa 60 kutoka Njombe. Hapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na hapo ndipo TAZARA inapita, ile reli ya kilometa 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Mtu akishuka Makambako na gunia lake la viazi, njia zinamngoja upande wowote. Nimezoea kusikia mji huu ukiitwa njia panda, na nimezoea kuufikiria kama mahali ambapo kuunganisha ni rahisi, mradi vitu viwe jirani.

Reli yenyewe inanisahihisha. Upana wa TAZARA, chuma hadi chuma, ni milimita 1,067. Upana wa Reli ya Kati ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani, ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya urefu wa kidole changu cha kati. Reli hizo mbili zote zinaanzia Dar es Salaam, jiji moja, na bado behewa la huku haliwezi kuingia kule. Mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Ujirani haukusaidia. Kwenye jani ni kinyume chake. Vipande viko mbali, vimenakiliwa kwenye nyuzi mbili, vimezungukwa na mamia ya nyuzi nyingine zinazofanana navyo kwa kila hali isipokuwa mpangilio wa herufi, na bado hukutana kwa sababu kingo zake zinalingana. Shangazi anapoinama kuangalia ganda na ganda, ulinganifu wa namna hiyo ndio anaoutafuta kwa macho.

Kulingana peke yake, hata hivyo, hakutoshi, na hilo tumelijua kwa mahindi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzao walieleza juu ya protini ya mahindi waliyoiita PPR4. Jeni yake, yaani agizo lake kwenye DNA, haiko kwenye kloroplasti. Iko kwenye kiini cha seli. Protini hutengenezwa nje, halafu huingia ndani ya kloroplasti, hushika RNA ya kipande cha kwanza cha S12, na kuwezesha kile kipande kuungana na mwenzake. Kwetu tuna jina la mtu anayetoka nyumba nyingine, akaingia katikati ya pande mbili zinazofaana ili jambo litimie. Ni mshenga. Posa haiendi kwa kulingana tu; lazima awepo anayekwenda na kurudi.

Na mshenga akikosekana? Watafiti walikuwa na mahindi ambayo jeni ya PPR4 imeharibika. Punje iliota kama kawaida. Mche ukatoka ardhini mweupe. Hakuna S12, hakuna ribosomu za kloroplasti, hakuna ukijani. Mche mweupe huishi kwa akiba iliyomo kwenye punje, na akiba ikiisha unakufa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka mashamba ya utoto wangu. Mvua za kwanza zikinyesha na mahindi yakichomoza, mara chache sana, katika mistari mirefu ya kijani, utakuta mche mmoja mweupe kama karatasi, umenyooka sawasawa na wenzake. Tulikuwa tukiung'oa na kuutupa. Siwezi kusema kwamba ile tuliyoing'oa ilikosa PPR4, kwa sababu jeni nyingi zikiharibika huleta weupe uleule. Lakini ninajua sasa kwamba kila mche wa kijani uliokuwa pembeni yake ulikuwa umefaulu kufanya jambo gumu, na sisi tulipita tukiona mahindi tu.

Kuunga huku hakupo kwenye mimea peke yake, na upande wa pili wake si mzuri kuusikia. Malale huletwa na tripanosoma, kidudu cha seli moja kinachosafiri ndani ya mbung'o. Njombe juu mbung'o hawapo, baridi inawashinda. Ila Tanzania ina mbung'o wengi, na ugonjwa huu umehamisha watu na ng'ombe katika nchi zetu kwa vizazi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 watafiti waliokuwa wakichunguza koti la protini ambalo tripanosoma hulibadilisha ili kukwepa kinga ya mwili waligundua kwamba RNA za kidudu hiki zinaanza kwa herufi zilezile 39. Kila agizo, la koti, la chakula, la kujigawa, lina kichwa kilekile. Kichwa hicho hakiko kwenye jeni ya agizo. Hunakiliwa kwingine kwenye RNA ndogo, halafu hukatwa na kuungwa mbele ya kila agizo, maelfu kwa maelfu. Hadi kufikia mwaka 1986 maabara zilikuwa zimeonyesha kwamba kweli ni molekuli mbili zinazoungwa. Tripanosoma aliyesomwa DNA yake yote, kazi iliyochapishwa mwaka 2005, alitoka kwa mbung'o wa Kiboko, nchini Kenya. Minyoo ya tumboni nayo huunga vichwa vya namna hiyo, vyenye herufi 22, na kidudu cha kichocho nacho huunga vyake.

Binadamu, kwa maagizo yake ya kawaida, haendi kwa njia hii. Ndiyo maana wako wanaotafuta dawa katika tofauti hiyo, kwamba ukikizuia kiungo cha tripanosoma hutamgusa mgonjwa. Ninawaombea wafike.

Nimejiuliza kwa nini jambo la molekuli linanigusa kiasi hiki, na jibu liko kwenye ukoo wetu. Babu yangu mzaa baba aliondoka Ubena kijana, akaenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu wakati wa ukoloni. Alioa huko. Baadhi ya watoto walikulia Muheza, hukohuko Tanga, baadhi walirudishwa Njombe kwa bibi. Wa Muheza wakazungumza Kiswahili cha pwani na kutopenda baridi. Wa Njombe wakasalimiana "kamwene" na kupanda viazi. Kwa miaka mingi nilisikia wazee wakisema ukoo umekatika, na kwamba ipo siku utarudishwa pamoja, kiwanja kimoja, makaburi mamoja. Siku hiyo haikufika. Baba yangu alifariki akiisubiri.

Lakini kila palipotokea msiba, watu walishuka Makambako usiku, kutoka basi la Dar es Salaam, wakiwa wamejifunga vitenge mabegani kwa baridi. Shangazi huyuhuyu wa miche ndiye aliyekuwa akipiga simu, akikusanya michango, akijua nani amwambie nani na kwa maneno gani. Walipofika, mtu wa Muheza alianza kusimulia habari ya babu, na mtu wa Njombe akaimalizia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Baada ya siku tatu walitawanyika. Nilidhani tunaishi katika uharibifu ambao hatujapata nguvu ya kuutengeneza. Siku hizi nadhani tulikuwa ukoo mzima kila mara tulipokutana, na kwamba wazee walikosea kuhesabu umbali badala ya kuhesabu safari.

Shangazi sasa ana miaka zaidi ya sabini. Macho yake yanamsumbua kwenye kuangalia ganda na ganda, kwa hiyo mjukuu wake hushika kikonyo yeye akifunga utepe. Nilimweleza habari za S12 jinsi nilivyoweza, kwa kutumia nyuzi mbili za mfuko wa salfeti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: nani anayeviambia vipande kwamba vinahusiana? Nikamwambia ni herufi zenyewe, na yule mshenga. Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga.

Nami nina ombi kwa msomaji, hasa mwalimu wa sayansi na mzazi mwenye shamba. Mvua zikija na mahindi yakichomoza, ukikuta mche mweupe usiung'oe siku hiyo. Chomeka kijiti kando yake, mwite mtoto, mwekee na mche wa kijani wa jirani aulinganishe. Mwambie yote miwili ilitoka kwenye punje zilizofanana, na kwamba ndani ya ule wa kijani kuna vipande vinavyotafutana na kuungana wakati yeye anautazama. Fanyeni mapema, maana mche mweupe hauna muda mrefu. Akiba ya punje ikiisha, unanyauka.